Kiwanja cha bei chee chini ya mnara mwembamba kama fimbo, hivi hii minara inasimamaje jamani?

Mnyonge wa Kihonda

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo maana kichwa kinaniuma na dalali ananipigia kila asubuhi kabla hata sijapiga mswaki.

Nimepata kiwanja nje kidogo ya Moro ukiwa unaelekea Dodoma, mita 20 kwa 30, milioni nne na nusu, wakati majirani zake wote wanauza nane mpaka tisa. Mara ya kwanza nilipelekwa jioni giza linaingia sikuona kitu, juzi nimerudi mwenyewe mchana ndo nikaelewa kwanini bei imelala, kuna mnara wa simu. Na siyo ile ya miguu minne iliyotanuka chini, huu ni ule mwembamba wa pembe tatu, upana wake haufiki hata mlango wa chooni, halafu umeenda juu huko mita tisini (mlinzi ndo kaniambia) umeshikwa na stei, zile waya nene za kuuvuta usianguke, pande tatu. Stei moja imeshuka mpaka kwenye kona ya kiwanja inaingia kwenye zege. Nikalala chali pale chini nikautazama, mawingu yanapita kwa juu, nikaona kabisa unaniangukia, nikaruka kama chura, mlinzi akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa swali langu, fimbo kama ile inasimamaje? Na ikianguka inaanguka upande gani? Shemeji ananiambia huko New York kuna magorofa membamba hayana hata stei moja na watu wanalala humo, so niache ushamba. Mama watoto amegoma kabisa. Ninunue au niachane nacho?

---

Njiwa Pori

Naweka kiti hapa ngoja waje wajuzi. Ila milioni nne na nusu kwa Moro ya sasa hivi mkuu, hata ingekuwa ndani kuna simba ningenunua na simba nikamfuga.

---

Mama Tambi

Na mionzi je? Dada yangu kaka

---

Mama Tambi

Samahani simu imejituma yenyewe. Nilikuwa nauliza na mionzi je, ila naona mtoa mada kauliza kuanguka tu. Basi endeleeni, uzi wa mionzi upo mwingine una kurasa arobaini na bado hawajaelewana.

---

injinia wa mchanga

Mkuu pole, ngoja nikujibu taratibu, na shemeji yako yuko sahihi nusu.

Sisi wembamba wa mnara hatuupimi kwa macho, tunachukua urefu tunagawa kwa upana. Hilo gorofa alilokuambia shemeji nadhani ni lile la mtaa wa 57 pale New York, wengi wanaliita Steinway Tower maana limepanda nyuma ya jengo la zamani la watengeneza piano. Lina mita 435 na upana wake ule upande mwembamba ni kama mita 18, ukigawa unapata 24. Chukua rula ya mtoto wa shule ya sentimita 30, ipasue katikati kwa urefu, kipande kimoja ukikwangue tena kidogo, kisha ukisimamishe mezani. Ndo hilo jengo, na ndani kuna watu wamenunua nyumba kwa hela ambazo tusizitaje hapa tukalala vibaya. Kwa majengo ya kukaa watu hakuna jembamba kama hilo duniani. Kabla yake sifa ilikuwa kwa Highcliff la Hong Kong la mwaka 2003, lenyewe ni mita 252 na linagawanyika 20. Ukiacha majengo kuna i360 ya kule Brighton Uingereza, hilo ni bomba la chuma tu lina kibanda cha vioo kinachopanda na watalii, lilifunguliwa Agosti 2016, mita 162 kwa kipenyo cha mita 3.9, hapo unapata 41 na Guinness, wale wa rekodi za dunia, wakawapa cheti.

Sasa nenda ufukweni Bagamoyo. Mnazi mrefu wa mita 20 wenye shina la sentimita 30 unagawanyika 66, na hakuna aliyeupa cheti chochote zaidi ya kuuangua.

Ila mnazi unabebwa na udogo wake. Ukiukuza mara ishirini ukawa mita 400 na shina la mita 6, utajivunja wenyewe kabla hata ya upepo, maana ukikuza kitu mara mbili kila upande uzito unapanda mara nane wakati lile eneo la shina linalobeba huo uzito linapanda mara nne tu. Ndo maana njiti ya fagio inaweza kuwa nyembamba vile na isijali.

Lakini kwenye minara uzito siyo unaotunyima usingizi, zege na chuma vinabeba uzito vizuri sana. Kazi ipo kwenye upepo. Na siyo dhoruba peke yake kama watu wanavyodhani. Upepo wa kawaida ambao hauachi, unaovuma kwa kasi ile ile nusu saa nzima, ukipita kwenye kitu cha duara au cha mraba hauachani nacho vizuri, unajikunja nyuma yake, mara mkunjo mmoja kushoto mara mwingine kulia, na kila mkunjo ukitoka unauvuta mnara kidogo upande wake. Umeshamsukuma mtoto kwenye bembea? Husukumi kwa nguvu, unasukuma kwa wakati wake tu na mwishoni mtoto yuko juu anapiga kelele. Ile mikunjo ikitokea kupatana na mwendo wa mnara wenyewe, basi upepo wa kupepeta mchele tu unatosha kuuchezesha mnara wa mamia ya tani.

Dawa zake zipo nyingi na ukishazijua utaziona kila mahali. Tazama antena ya gari, ile fimbo, mara nyingi ina uzi umezungushwa kama skrubu toka chini mpaka juu. Siyo urembo. Ule uzi unauvuruga upepo usijikunje kwa mpangilio. Bomba za moshi za viwandani nazo wanazivalisha mbavu za chuma za kuzunguka kwa sababu hiyo hiyo. Hiyo i360 wameivalisha wavu wa alumini wenye matundu. Jengo la 432 Park Avenue, jirani wa Steinway, mita 426, kila baada ya ghorofa 12 wameacha ghorofa mbili wazi hazina vioo ili upepo upite katikati. Na Burj Khalifa ya Dubai yenye mita 828 kila inapopanda inapungua na kubadilika umbo, kwahiyo mikunjo ya chini haipatani na ya juu, zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

Kinachobaki wanakitoa kwa timazi. Sitanii. Wanatundika uzito mkubwa juu kabisa ya jengo, jengo likienda kushoto ule uzito unachelewa unavuta kulia. Steinway wana wa tani 800. Taipei 101 ni mpira wa chuma wa tani 660 na watalii wanaenda kuutazama, kimbunga cha Agosti 2015 kiliuchezesha kama mita nzima.

---

Mnyonge wa Kihonda

Asante sana injinia, nimesoma mara mbili. Ila sasa umenitisha zaidi. Nimechukua kalkuleta, mnara wangu mita 90, upana mlinzi kanipimia na hatua yake tukakubaliana sentimita 60. Nimegawa nimepata 150!! New York 24 mimi 150? Na hauna timazi wala matundu. Yaani wa kwangu ni mbaya mara sita?

---

Njiwa Pori

Uzi umekuwa mtamu. "Mnara wangu" hata kiwanja hajalipia 😂

---

injinia wa mchanga

Hahaha tulia mkuu. Hapo ndo stei zinapoingia.

Hebu niambie, stei zimekamata mnara sehemu ngapi kwa kwenda juu? Hesabu ngazi, siyo waya.

---

Mnyonge wa Kihonda

Tano.

---

injinia wa mchanga

Basi gawa tena. Mita 90 kwa tano ni 18, na 18 kwa sentimita 60 ni 30. Kipande kilicho katikati ya stei na stei ndicho kinachopinda, hakijali mnara mzima una urefu gani. Kwahiyo mnara wako siyo fimbo moja ya 150, ni vifimbo vitano vya 30 vimepangwa juu ya kimoja na kila kiungo kimeshikwa pande tatu. Hesabu za kikazi ni ndefu kuliko hivi, mtu aliyeshikwa mabega huwezi kumlinganisha na aliyesimama peke yake, ila picha ndo hiyo.

Na hii siyo mambo ya minara midogo tu. Poland walijenga mnara wa redio pale Konstantynów, ukaisha 1974, mita 646. Mia sita arobaini na sita, mpaka Burj inakuja hakuna kitu binadamu alishawahi kukisimamisha kirefu kama kile. Upana wake? Mita 4.8. Ukigawa wote unapata 134, karibu sawa na wa kwako, lakini ulikuwa na ngazi tano za stei, kila kipande kama mita 115 hadi 135, ukigawa kwa 4.8 unaangukia 24 mpaka 28. Namba ya New York hiyo hiyo! Wale wana timazi la tani 800, huyu ana waya.

---

Kibarua wa Dodoma Road

Na uko wapi sasa hivi huo mnara wa Poland? Mbona humalizii hadithi injinia?

---

injinia wa mchanga

Ulianguka. Tarehe 8 Agosti 1991. Nilikuwa naogopa kumwambia mtoa mada.

Ila sikilizeni ulivyoanguka. Haukuangushwa na upepo, wala barafu, wala uzito. Walikuwa wanabadilisha stei za juu, kazi ya matengenezo, wakakosea kwenye kubadilishana zile waya, mnara ukaanza kujipinda ukakatika kwenye kiuno. Hakufa mtu. Umekaa miaka 17 kwenye baridi na upepo wa Ulaya, ukaja kuuawa na mafundi waliotumwa kuutunza.

---

Mama Tambi

Mie sasa naona mama watoto yuko sahihi.

---

riga mstaafu

Nimepita tu nikaona mada yangu. Nimepanda minara ya simu miaka kumi na moja kabla mgongo haujaniambia basi, kampuni sizitaji. Injinia kasema vizuri sana ya kwenye karatasi, ngoja niongezee ya kule juu.

Kwanza mnara wa stei unacheza na lazima ucheze. Ukiwa mita themanini umejifunga mkanda, upepo wa saa nane mchana, unauona kabisa upeo wa macho unapanda na kushuka taratibu, mtu mgeni anatapika. Ila kinachokufundisha ni sauti. Stei zinaimba. Asubuhi kukiwa na baridi waya zimejikaza zinatoa sauti nyembamba, mchana jua likizichemsha zinalegea kidogo sauti inakuwa nzito. Ukishazoea unaijua stei iliyolegea kabla hujaishika, inapiga vup vup kama kamba ya watoto ya kuruka.

Kukaza nako ni elimu. Watu wanadhani stei ikikazwa sana ndo mnara unasimama vizuri, siyo kweli hata kidogo. Kila stei inavuta pembeni lakini inavuta na chini pia, ukizikaza zote kupita kiasi unakuwa unaukandamiza mnara kama mtu anayekaa juu ya mabega ya mwenzake, fimbo inapinda katikati. Ukilegeza sana unacheza, na zile dishi nyeupe za kurushiana mawasiliano mnara kwa mnara hazitaki mchezo, dishi ikigeuka kidogo tu linki inakata na simu ya bosi inaita. Sisi tulikuwa tunaziacha kwenye kama asilimia kumi ya nguvu inayoweza kuikata waya, tunapima na kifaa, pande tatu zote zilingane. Na wewe ukikuta mahali stei inakamata mnara kuna mikono ya chuma imetoka kama nyota, hiyo ni ya kuzuia mnara usijizungushe.

Sasa kuhusu kiwanja chako, mimi nisingeangalia juu. Ningeangalia chini. Ile nondo nene inayotoka kwenye zege kwenda kukutana na waya, ile sehemu inapozama kwenye udongo, hapo ndo pana ugonjwa. Juu inang'aa imepakwa zinki, chini ya udongo sentimita thelathini kutu imeila imebaki kama penseli na hakuna anayeiona mpaka mtu achimbe. Angalia pia ile skrubu kubwa ya kukazia waya, lazima iwe na kiwaya kimepitishwa katikati kimefungwa ili isijifungue yenyewe kwa mtikisiko. Kama hakipo, mtu kakitoa au fundi kasahau.

Halafu binadamu. Nimekuta stei imefungiwa mbuzi watatu. Nimekuta nguo za familia nzima zimeanikwa, shuka la kitanda cha sita kwa sita linapepea kwenye stei kama tanga. Nimekuta mtu analima bamia anachimbua udongo juu ya nanga kabisa, lile zege linaloshikilia stei, ananiambia hapa pana rutuba. Na wezi wa chuma chakavu ndo wabaya kuliko wote, wanakuja usiku wanafungua vile vyuma vya mshazari vya chini, kimoja leo kimoja wiki ijayo. Mnara hauanguki siku hiyo. Unasubiri.

Nyuki wala nisiwaambie. Mita sitini, mzinga ndani ya mnara, unashuka kwa ngazi huwezi kukimbia. Ndo siku niliyojua kumbe naweza kusali kwa lugha tatu.

---

Kama Kawa NJ

Wasee wa bongo habari, mimi ni Mkenya niko Jersey, hiyo Steinway naiona kila siku nikivuka kwenda job. Siku kuna ukungu inakatwa katikati, chini unaona nusu na juu unaona ncha peke yake imesimama juu ya mawingu, ni kitu ya kuogopesha wacha tu.

Niliwahi kufanya sekyuriti kwa gorofa moja refu hapa Manhattan, sitaitaja kwa sababu bado nataka kazi mji huu. Nyinyi mnaongea juu ya hesabu, mimi nitawaambia ya choo. Usiku wa upepo unaingia choo cha ghorofa ya juu, yale maji kwenye sinki ya choo yanaenda huku na huku polepole, hakuna mtu amegusa. Taa ya kuning'inia inazunguka. Lifti zinapunguzwa mwendo, zingine zinasimamishwa kabisa kwa sababu kamba zake ndefu zinaanza kupiga ukuta, so tajiri amelipa mamilioni ya dola anakaa kwa lobi na mimi tunangoja upepo uishe. Na kuta zinalia. Krrrk, krrrk, kama merikebu. Hata hiyo 432 Park injinia ametaja iliandikwa kwa magazeti 2021, wenye nyumba walilalamika juu ya kelele na lifti na maji kuvuja mpaka wakaenda kortini.

Na mnajua kwa nini ziko nyembamba hivyo? Si ati watu wa design walitaka kuonyesha ubingwa. Kiwanja ni kidogo. Huku sheria inakupatia kiasi fulani cha ukubwa wa nyumba kulingana na kiwanja chako, lakini jirani yako akiwa na kajengo kafupi anaweza kukuuzia ile hewa iko juu yake hajaitumia. Unanunua hewa ya huyu na ya yule, unazibeba zote kwa kakiwanja kako, unapanda nazo juu mpaka unaona Central Park yote, na hiyo view ndiyo unauza.

---

Njiwa Pori

Kununua HEWA ya jirani!! Dalali wa Moro asisome hapa tafadhali.

---

Mtu wa Mkokotoni

Asalaam alaykum. Mie si mhandisi ni mvuvi na baba yangu alikuwa na jahazi, lakini hichi mnachokisema sisi twakijua zamani. Mlingoti wa jahazi haufungwi ukawa mgumu. Kamba za pembeni zinaachwa na uhai kidogo, chombo kikilala mlingoti nao unapumua. Alikuja kijana mmoja na chombo kipya akaikaza kila kamba mpaka ikawa ikiguswa inalia kama udi, akasifiwa bandari nzima. Kusi ya kwanza tu mlingoti ukapasuka chini pale pale unapoingia kwenye kitako, wala kamba haikukatika hata moja. Mzee alimwambia neno moja tu, umeufunga ulipotakiwa kuushika.

Na ule mnara wa Poland, wallahi kubadilisha kamba za mlingoti tanga likiwa juu ni kazi ya kuacha wasia nyumbani.

---

injinia wa mchanga

Mzee wa Mkokotoni kanipunguzia kazi ya kuchora.

Mnyonge, hujajibiwa swali la unaanguka upande gani. Minara ya stei mara nyingi haianguki kama mti uliokatwa, mzima mzima kwa urefu wake, kwa sababu zile stei nyingine bado zinaushika, kwahiyo unajikunja na kukatika vipande na sehemu kubwa inaangukia karibu na shina. Ndo habari njema. Habari mbaya ni waya. Kule Emley Moor, Uingereza, tarehe 19 Machi 1969 mnara wa chuma wa mita 385 ulianguka, barafu ilikuwa imegandia juu yake na kwenye stei halafu ukaja huo upepo niliowaambia, wa taratibu usioacha. Stei moja ikaruka ikakata paa la kanisa. Hakuumia mtu. Na waliporudishia hawakutaka tena waya, wakajenga wa zege wa mita 330 unasimama wenyewe, uko pale tangu 1971.

Kwahiyo kwa wewe uliye kwenye nanga, chuma chenyewe labda kisikufikie. Kamba ndo jirani yako.

Halafu kitu kingine, sijakipenda toka mwanzo ila nimenyamaza. Umesema zege la nanga liko kwenye kona ya kiwanja. Ndani ya bikoni, yale mawe ya mpaka, au nje?

---

Mnyonge wa Kihonda

Nje. Nadhani. Kesho naenda na futi.

---

Kibarua wa Dodoma Road

Nje nadhani 😂😂

---

Mnyonge wa Kihonda

Wakuu nimerudi. Nimeenda leo asubuhi na futi na jembe, mlinzi kanisaidia nimemnunulia soda.

Kwanza nimeisikiliza stei kama riga alivyosema. Nimeweka sikio kwenye ile nondo, aisee inaunguruma kama friji ya zamani, sikutegemea, na upepo wenyewe hata majani ya mwembe hayatikisiki. Kiwaya cha kwenye skrubu kipo kwa stei mbili, ya tatu hakuna. Nimechimba kidogo pale nondo inapozama, sijaenda mbali mlinzi aliogopa, kutu ipo ila siyo ya penseli, nimekwangua na kisu ndani chuma kipo. Mlinzi kanipa namba ya watu wake, nimewapigia nikawaambia kuhusu kile kiwaya, wamesema wameandika.

Sasa la bikoni. Nimevuta futi toka bikoni ya kwanza mpaka ya pili nikapiga kamba. Zege la nanga liko NDANI. Siyo nusu, lote, na kuna kama mita tatu zaidi ambazo mlinzi anasema ni eneo la mnara toka mwanzo, kulikuwa na uzio wa waya wa miba watu wakaung'oa. Kwahiyo ile kona niliyokuwa nimepanga kuweka choo na tangi la maji siyo ya kwangu na haijawahi kuwa ya aliyeniuzia.

Nimempigia dalali. Hakukataa! Kanijibu kwa upole kabisa, "mkubwa hilo dogo, lipia tu, mimi hao jamaa nawafahamu, tutaongea nao wahamishe hiyo stei isogee kidogo kwa jirani".

---

riga mstaafu

Wahamishe stei.

---

injinia wa mchanga

Mwambie awaulize Wapoland.

---

Mama Tambi

Kaka umeshatoa kiasi gani?

---

Mnyonge wa Kihonda

Laki tano ya kushikia. Toka saa sita simu yake haipatikani.